Lundo la L na R

Miaka ile ya ruksa, maduka ya Dodoma yalipojaa tena sabuni na mitumba, nilikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya elimu. Maombi ya vyuo vikuu yalipitia kwetu. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha cheti cha kidato cha nne na cha kidato cha sita. Majina yakifanana herufi kwa herufi, na picha na sahihi zikiwa sawa, jalada liliingia kwenye mfuko wa Dar es Salaam. Kimoja kikitofautiana, niligonga muhuri wa kukataa na kuliweka chini ya dirisha. Kanuni hiyo iliwekwa ili mtu asiende chuo kwa cheti cha mwenzake, na mimi niliiona nzuri.

Siku moja, kwa kuwa sipendi lundo lisilo na mpangilio, niliyagawa yale majalada ya chini ya dirisha kwa sababu zake: picha, sahihi, jina. La jina likawa refu kuliko mengine yote. Nikaanza kusoma. Karibu wote walitoka vijiji vya Wagogo, na kosa lao lilikuwa lile lile: cheti kimoja kina L, kingine kina R.

Sikuhitaji kuelezwa, maana mimi mwenyewe ni Mgogo wa Zuzu. Kigogo hakina R. Mama yangu alipokea "balua" maisha yake yote. Mwalimu wa kijijini aliandika jina la baba kama alivyolisikia. Mtoto akienda kidato cha tano mkoa mwingine, mwalimu wa huko akaona kosa la kitoto, akalisahihisha. Hakuna aliyemdanganya mtu.

Jumatano ya wiki ya mwisho ya kupokea maombi, akaingia mwalimu wa shule ya msingi kutoka Kongwa, mwanamke wa umri wangu, na baba yake nyuma. Jalada lake lilikuwa chini ya dirisha.

"Dada, wamesema nirekebishe jina Dar es Salaam," alisema. "Huko ni miezi. Na ruhusa ya masomo nimepewa ya mwaka huu tu. Mwakani hawanipi."

Mpiga chapa wetu, asiyeweza kunyamaza, akamgeukia mzee. "Shikamoo baba. Eti ule uchaguzi wa vyama vingi, huko kwenu mlipiga kura au mlipiga kula?"

"Marahaba. Kupiga tulipiga, mwanangu," mzee alijibu. "Kula ndiko hatujakuona."

Mpiga chapa alicheka mpaka akaacha mashine. Binti hakucheka. Alikuwa akilitazama lile lundo.

Nilichukua dokezo la kuwatetea watu wa L na R, nililoandika siku ile ya kupanga majalada, ambalo sikuwa nimethubutu kulipeleka, nikawaongoza wote wawili kwa mkuu wetu. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, lakini mbele ya kanuni alikuwa ukuta.

Alisoma, akavua miwani. "Mama, leo tunasamehe L na R. Kesho mtu ataniletea cheti cha shemeji yake."

"Mwenye cheti cha shemeji namba zake hazitafanana, mzee." Nilimwonyesha: cheti cha kidato cha sita kilibeba namba ya mtihani wa kidato cha nne, ile ile. "Na shule aliyoanzia ipo Kongwa, daftari la wanafunzi lipo. Mwalimu mkuu akithibitisha kwa barua na muhuri, tunakosa nini?"

Alimgeukia baba. "Mzee, hebu taja jina lako."

Akalitaja.

"Hilo ni la L au la R?"

Mzee alimtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya upepo. "Hayo ni yenu mnaoandika, bwana mkubwa. Mimi naitwa, naitika."

Mkuu aliinamisha kichwa. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka. Akavaa miwani, akaandika pembeni mwa dokezo langu kwa kalamu nyekundu: herufi ikitofautiana lakini namba ikafanana, barua ya mwalimu mkuu inatosha. "Likapigwe chapa liwe waraka," aliniambia. "Na lile lundo lote lirudi mezani, wenyewe wapelekewe habari."

Binti akapanda basi la Kongwa saa ile ile. Ijumaa asubuhi alirudi na barua, wino wa muhuri ukiwa bado unachafua vidole. Jalada lake nililiingiza mwenyewe kwenye mfuko, na mengine ya lundo lile ambayo barua zake ziliwahi. Si yote yaliyowahi. Yaliyochelewa tuliyaweka pembeni yasubiri mwakani, ule muhuri wangu wa kukataa ukiwa umefutwa kwa kalamu.

Miezi ikapita. Siku moja alitokea tena mlangoni, bahasha mkononi, uso umemshuka.

"Umekosa?"

"Nimepata. Lakini tazama, dada. Jina la baba wamelikosea tena. Safari hii wameweka N!"

Nilisoma barua ya chuo. Kweli, N. Nikafungua droo, nikatoa nakala ya waraka, nikaiambatanisha kwa pini nyuma ya barua yake.

"Namba ni yako?"

"Yangu."

"Basi hata hiyo imo. Nenda."

Ndipo alipocheka, akakaa kwenye benchi la wageni, akaomba maji ya kunywa.