Nilimwambia Daktari Kwetu Hakuna Mwingine

Nitukaneni tu, ndugu wasomaji, maana mwenyewe nimechoka kujitukana. Nilimuuza mdogo wangu ili niolewe. Ndiyo, nilimuuza! Na aliyenifundisha kuuza akaja akaniuza mimi.

Kwetu ni Kilolo, Iringa. Mdogo wangu nitamwita Otilia, si jina lake. Kila mwezi siku zake zikifika alijikunja sakafuni, akatapika, mara nyingine akazimia. Mama alishafariki, kwa hiyo mambo yetu ya kike aliyashika shangazi, dada yake baba, mwanamke ambaye hakujaliwa mtoto.

Mimi nami nilikuwa na maumivu yale yale, tena yalinianza kabla ya Otilia. Ila nilikuwa nayameza. Najifungia jikoni, nauma kanga, nikitoka macho mekundu nasingizia moshi. Shangazi peke yake alijua.

"Nyamaza," aliniambia. "Mwanamke halilii kitu cha kila mwezi."

Mshenga akaja kutoka Mbeya na jembe la posa. Kama ilivyo desturi, watu wa upande wa mchumba wakaanza kutuchunguza. Ukoo huu una kifafa? Una ukoma? Wanawake wao wanazaa? Hawajamaliza kuulizia, Otilia akaanguka shuleni. Mimi na shangazi tukamkimbiza hospitali.

Daktari alikuwa mpole. Alimpima, kisha akatugeukia.

"Kuna ugonjwa ambao nyama ya ndani ya kizazi huota mahali pasipo pake," alisema. "Naona huwa unafuata ndugu wa damu moja. Sina kipimo cha damu cha kuuonyesha. Kipimo changu ni ninyi. Mama, shangazi, dada, yupo mwingine anayeumwa hivi?"

Pembeni alisimama nesi. Dada yake mchumba wangu, aliyeajiriwa hospitali ile!

Shangazi akanifinya paja. Nikasema, "Hapana, daktari. Kwetu hakuna mwingine."

Basi. Daktari akaona labda ni uchafu umeingia kizazini, akaandika sindano. Yule nesi alipotusindikiza akatikisa kichwa: "Msichana wa shule, kizazi kinauma hivyo? Huyu katoa mimba."

Jioni ile baba alikuwa ameshayasikia. Akamwachisha Otilia shule, akaacha kabisa kumsemesha. Otilia aliapa mpaka sauti ikakauka. Shangazi kimya. Mimi kimya, napimwa gauni la harusi!

Nikaenda Mbeya. Mtoto hakuna. Maumivu yakazidi mpaka nikashindwa kuyaficha. Wakwe wakanichukua wakafunga safari hadi Kilolo kumuuliza shangazi. Moyoni nilifurahi, nikajua leo atanitetea, maana ule uongo ulikuwa wetu sote wawili.

Shangazi akawatazama usoni. "Ukoo wetu hauna ugonjwa huo. Muulizeni mwenyewe, usichanani alifanya nini."

Jamani! Mbele yangu!

Waliponiacha pale pale na sanduku langu, nikamuuliza, "Shangazi, kwa nini?" Akajifunika kanga usoni. "Hata mimi niliachika kwa ugonjwa huo huo," akasema. "Nani alinitetea?" Alijua tangu zamani, alijua kuliko sisi wote, akatuacha tuangamie mmoja mmoja.

Otilia ndiye aliyenipokea. Anaishi peke yake, analima viazi. Maumivu yaliponishika, alipasha kitambaa motoni akanikanda, na mkono wake ulikwenda moja kwa moja panapouma.

"Dada, yamekuanza lini haya?"

Ningeweza kudanganya tena. Nikasema, "Kabla yako."

Mkono ukasimama. "Kwa hiyo siku ile hospitali ulijua."

"Nilijua."

Nilingoja kofi. Akasema taratibu tu, "Basi kamwambie baba."

Baba tulikuwa tumemzika masika yaliyopita. Alikufa hajamsemesha bintiye.

Dada zangu, daktari akikuuliza kama kwenu yupo mwingine, sema yupo, hata kama wakwe wamejaa chumba kizima. Mchumba akikimbia, mwache akimbie! Wangu nilimpata kwa uongo na bado alikwenda.

Ninapoandika haya, siku zake Otilia zimefika. Namsikia chumba cha pili anagugumia. Nimepasha kitambaa, nimebisha hodi. Hataki nimguse.