Mume wa Nyasi

Tangu watu wenye sare walipomchukua mumewe, Tularam, wakati wa vita, akipukuchua mahindi uani, Nandakali hakuvua bangili zake nyekundu. Hapa kwetu Jajarkot, milimani Nepal, ni za mwanamke mwenye mume.

"Unamvalia nani, shemeji? Panya?" jirani mmoja alimtania.

"Naivalia kesi. Nimeiomba mahakama iwaamuru wamlete. Maiti haiitwi mahakamani."

Kesi ilipigwa kalenda mpaka vita vikaisha. Kisha mama mkwe wake akaugua.

"Mwanangu, roho ya mtoto wangu inatangatanga bila moto wa mazishi," alimwambia. "Nichomee nimlilie."

"Nikimchoma, mama, nitakuwa nimemuua mimi."

"Wewe una nguvu za kusubiri. Mimi nimeishiwa."

Kwetu, mwili usipopatikana, hutengenezwa mtu wa nyasi akachomwa mtoni. Mimi ni binamu wa Tularam na kazi yangu ni kusuka kamba na mikeka. Kesho yake Nandakali alikuja kwangu.

"Msuke wewe, shemeji. Ulimjua."

Nilimsuka nilivyomjua: mabega mapana, mguu wa kushoto mfupi. Mwenyewe alikuwa akisema mguu ule Mungu alimpimia kwa ajili ya kutembea ubavuni mwa mlima. Mama mkwe alipouona aliushika, akalia mpaka akatulia. Mtoni tukamchoma yule wa nyasi, na wanawake wakazivunja bangili za Nandakali kwa jiwe, kama afanyiwavyo mjane. Mama mkwe alifariki baada ya mavuno, usingizini.

Kesi ilipoitwa tena, nilimsindikiza Nandakali. Wakili wa upande wa pili alimwomba anyooshe mikono.

"Mama, bangili ziko wapi?"

"Zilivunjwa."

"Kwa hiyo mlimchoma mumeo."

"Tulichoma nyasi."

"Na kijiji kizima kikazililia nyasi?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Alisema familia yenyewe imekwisha kumfanyia mazishi mtu huyo, hivyo hakuna aliye hai wa kuamuru aletwe. Akalitupa ombi.

Tulipanda mlima kurudi. Karibu na nyumbani Nandakali akasimama, akauegemea mwavuli wake.

"Laiti ungeukosea ule mguu, shemeji."

"Kuukosea vipi?"

"Ungeufanya sawa na mwenzake. Leo ningewaambia tulimchoma mtu mwingine."

Nikampokea mwavuli wake, nikambebea mpaka mlangoni.