Kadi Nilizozitoboa

Kwa miaka kumi na tisa kazi yangu ilikuwa kutafuta makosa. Nilikaa mwisho wa laini katika kiwanda kimoja cha nguo pale EPZ, eneo la viwanda la Athi River, suruali zikinijia moja moja, nami nazigeuza, navuta mishono, natafuta uzi uliokatika na tundu la sindano lisilotakiwa. Sikuwa na sifa ya upole. Nikikurudishia suruali ulikuwa unajua mwenyewe ni kwa nini, hakuna kubembelezana. Walipotupunguza nilirudi nyumbani Machakos na mgongo mbovu na macho mazima kabisa. Hiyo ya macho ndiyo iliniuma baadaye.

Maana mtoto wangu wa pekee, msichana wa miaka ishirini na tano, alianza kupoteza katikati ya vitu. Ndivyo alivyosema mwenyewe: katikati. Aliona kuta za chumba lakini si mtu aliyesimama ndani. Akitaka kuona uso wangu ilibidi aangalie sikio langu. Daktari wa macho alimmulika na taa zake, akakaa, akasema ugonjwa wenyewe uko kwenye damu, hauna dawa wala miwani, na utaendelea. Nikamuuliza utaendelea mpaka wapi. Akasema, "Mama, tusidanganyane," halafu hakumaliza. Nilitamani kumrushia kiti, na hakuwa amenikosea chochote.

Ofisi ya wakili alikokuwa akichapa barua ilimwambia apumzike kwanza. Kila mtu anajua kupumzika kwanza ni nini. Marafiki walikuja wiki mbili, wakaleta mkate na soda, wakaongea kwa sauti kubwa kana kwamba shida ilikuwa masikio, wakapotea. Kilichobaki ni Jumamosi.

Jumamosi mchana vijana wanane, kumi, walikutana kwenye chumba juu ya duka la fotokopi mjini, wakicheza mchezo wa kadi zenye majoka, mashujaa na uchawi. Kila mmoja anakuja na kadi zake sitini alizojichagulia, wawili wanakaa uso kwa uso, na wanapigana kwa kadi mpaka mmoja amalize uhai wa mwenzake. Binti yangu alikuwa akiucheza tangu chuo. Nilipoziona hizo kadi mara ya kwanza nilimwambia mimi ni mtu wa kanisa na mashetani hayalali kwangu. Yakalala. Vita hivyo nilishindwa zamani.

Yeye alikuwa mchezaji wa hila. Kadi zake nyingi zilikuwa za uchawi, kila moja na maandishi madogo kama ya chupa ya dawa, na ushindi wake ulikuwa kujua atoe ipi wakati gani. Sasa maandishi hayo ndiyo yalikuwa katikati. Jumamosi moja alirudi mapema. Iliyofuata hakwenda. Ya tatu nikakuta kadi zote kwenye boksi la karatasi za kuwashia jiko.

"Hizi zinafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Mwaitu, ni karatasi. Zinawaka." Ananiita mwaitu, mama, kwa Kikamba, hata akiwa amenikasirikia.

Tuligombana. Nilimwambia mambo ambayo mzazi hafai kumwambia mgonjwa: kwamba amejizika kabla ya wakati, kwamba mimi sikulea mtu wa kukaa kwenye kiti akisubiri giza kama anasubiri gari. Nikazitoa kadi kwenye boksi, nikazipanguza na leso, nikazimwaga kwenye meza ninayochambulia pojo. Nikamwambia, nifundishe.

Nilitaka kitu kimoja tu: awe na mahali pa kwenda Jumamosi, akae na watu wa rika lake, kabla hiyo katikati haijameza kila kitu. Mengine yote nilikuwa nimeshayaacha.

Ilinichukua wiki kuelewa. Kuna kadi za ardhi, ambazo mimi niliziita shamba. Kwa kawaida kila zamu unaruhusiwa kuweka shamba moja mezani, na mashamba ndiyo yanakupa nguvu ya kuleta vitu vingine. Kitu kidogo kinataka shamba moja au mawili, kikubwa kinataka sita, saba. Na kuna viumbe, ambavyo ukishaviweka mezani vinakaa hapo mpaka viuawe. Hapo ndipo akili yangu ilipoamka. Nikamwambia, uchawi unausoma, unaisha, kesho unausoma tena. Kiumbe kikikaa kimekaa. Utakijua kiko kushoto au kulia, kama unavyojua sufuria zangu ziko wapi.

Kwa hiyo tukatupa hila zote. Nikamtengenezea kadi sitini za rangi moja, kijani, ili asichanganyikiwe. Shamba ishirini na nne. Kisha vijitu vidogo kumi na sita, aina nne, kazi yao kukuongezea nguvu au kukutafutia shamba la ziada ili uwahi kabla ya mwenzako. Hao niliwaita vibarua. Kisha majitu ishirini, aina tano: kifaru wa magome, jitu la mlima, nyoka wa vichwa vitatu na wenzao, makubwa ya kula mtu mzima na viatu vyake. Vibarua wanatangulia, wanahangaika, wanakufa wa kwanza, halafu majitu yanakuja kula walichopanda.

"Hii naijua," nikasema. "Nimeifanyia kazi miaka kumi na tisa."

Akacheka. Ilikuwa miezi sijamsikia.

Shida ilibaki moja: kujua ameshika nini. Kadi zenyewe alizijua kwa moyo zote, lakini mkononi zilikuwa ukungu wa kijani. Nikafikiria siku mbili. Siku ya tatu nikatoa sindano ya mashine, ile nene ya kushonea jinzi, nikaipasha moto kidogo, nikaanza kutoboa. Shamba niliziacha bila kitu. Vibarua niliwatoboa ukingo wa kushoto, tundu moja mpaka manne kulingana na aina. Majitu ukingo wa kulia, moja mpaka matano. Nilitoboa kutoka nyuma, kadi pamoja na mfuko wake wa plastiki, ili kijinundu kitokee mbele, hapo kidole gumba kinapokaa. Kadi thelathini na sita. Kazi safi. Mimi mwenyewe ningeipitisha.

Alikuwa amekaa karibu yangu muda wote. Nilipomaliza kadi ya kwanza nikampa. Akaipapasa, akaipindua, akapapasa nyuma pia. Halafu akasema, "Endelea, mwaitu."

Tulicheza kila siku baada ya chai ya saa nne. Nilicheza na kadi zake za zamani za uchawi, nikimsomea kwa Kiingereza changu cha mabango ya kiwandani, naye akinishinda. Vidole vyake vikawa vyepesi kuliko macho ya watu wengine. Kibarua, shamba, kibarua, shamba, kifaru. Alinipiga nikiwa bado nasoma kadi yangu. Lakini nisidanganye mtu: macho hayakungoja. Mwanzoni aliona rangi ya blauzi yangu, mwishoni akawa anauliza. Nilijua tunakimbiza kitu kinachotuzidi mbio. Nilichotaka ni Jumamosi chache tu.

Wakatangaza mashindano madogo, siku moja, hapo hapo juu ya duka la fotokopi. Nikamvalisha gauni lake la bluu. Vijana walimpokea vizuri, sisemi uongo, wakamvutia kiti, wakamwambia amepotea sana. Wa kwanza kukutana naye alikuwa kijana wa benki, mpole, aliyezoea kucheza naye zamani. Mimi nikakaa ukutani na mkoba wangu magotini, moyo unadunda kama mimi ndiye ninayeolewa.

Kabla ya kuanza, mwamuzi alipita kuhesabu kadi za kila mtu. Alikuwa msichana mwenye sauti ya ualimu. Akazichukua za binti yangu, akazihesabu, akasimama. Akapitisha kidole nyuma ya kadi ya juu. Akaipindua, akatazama inayofuata.

"Hizi zimetiwa alama," akasema kwa sauti ya chini.

Nikainuka. Nikamwambia ndiyo, ni mimi, ni kwa sababu haoni, ni za vidole tu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanieleza, bila dharau, jambo ambalo mtu wa kazi yangu alipaswa kuliona kabla ya mtu yeyote. Tundu lina pande mbili. Kadi zikipangwa kifudifudi mezani, yeyote mwenye macho anaona kwa nyuma ni jitu au kibarua anayefuata, na binti yangu mwenyewe akigusa tu ya juu ameshaijua kabla ya kuichukua. Katika mchezo wao huo ni wizi, hata kama mwizi hana nia. Nilikuwa nimefikiria kidole gumba cha mtoto wangu na sikufikiria kitu kingine chochote duniani.

Alitusaidia alivyoweza. Akaleta mifuko mingine, mizito, nyuma nyeusi tititi, tukazivalisha kadi zote, na matundu yakafichika. Na vijinundu pia. Akasema mama anaweza kukaa kando na kumnong'oneza. Binti yangu akasema hapana, asante, nitacheza mwenyewe. Alisema hivyo na kidevu juu, na hicho kidevu ni changu, simlaumu.

Akachukua kadi saba za kuanzia. Akazipapasa kingo moja moja, kushoto, kulia. Akazileta karibu na shavu, akageuza kichwa aziangalie kwa pembeni. Kijani, kijani, kijani. Mimi ndiye niliyemchagulia rangi moja. Chumba kizima kilikuwa kinajifanya kinatazama meza nyingine. Hatimaye akachomoa moja, akaiweka mezani taratibu, akasema, "Shamba."

Kijana wa benki akatazama ile kadi muda mrefu.

"Dada," akasema, "hilo ni jitu la mlima."

Hakuna aliyecheka. Angecheka hata mmoja ningepata mtu wa kugombana naye. Binti yangu akaziweka zile sita zilizobaki mezani, zikiangalia juu, akamwomba amsomee. Akamsomea zote. Shamba tatu, vibarua wawili, kifaru. Hata mimi, mwanafunzi wa meza ya pojo, niliona kwamba alikuwa amepata kadi za kushinda. Akamshukuru, akampa mkono hewani kidogo kando ya alipokuwa, kijana akausogelea akaushika. Kisha akasema twende nyumbani.

Kwenye ngazi nilimshika kiwiko naye akawa anahesabu vipandio. Mimi nilikuwa nabwata. Nilimlaumu mwamuzi, nikailaumu sheria, nikajilaumu mimi, mwanamke wa kukagua matundu maisha yake yote anayeshindwa kuona tundu alilotoboa kwa mkono wake. Nikamwomba msamaha, jambo ambalo sina mazoea nalo.

"Wacha, mwaitu," akasema. "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba haikubaliwi. Nilijua siku ile ile, uliponipa ya kwanza."

Nikasimama katikati ya ngazi, watu wakatupita. "Na ukaniacha nitoboe zote? Miezi yote hii tucheze? Kwa nini hukusema?"

Alitafuta kipandio kwa mguu, akakipata, ndipo akajibu.

"Kwa sababu ulikuwa umeacha kulia jikoni."

Nilidhani hasikii. Kila mara nilikuwa nafungulia maji ya mfereji kwanza.