Salamu Nusu za Wifi Habiba

Wifi yangu Habiba hakuwa na salamu. Nasema hivi nikimpenda, maana ni mke wa marehemu kaka yangu Bilali, na tumeishi ua mmoja hapa Mapinga tangu barabara ya Bagamoyo ni vumbi tupu. Lakini ukweli usemwe. Mtoto wa watu anamwambia shikamoo, yeye anaitikia marahaba keshampa mgongo. Ukimuuliza habari za asubuhi, njema yake unaisikia inatokea jikoni, mwenyewe humwoni. Bagamoyo mjini, alikozaliwa, walimwita Bi Mbio tangu msichana, na jina lenyewe lilimkaa vizuri.

Kwetu salamu haina njia ya mkato. Unauliza hujambo, unauliza watoto, unauliza wazee, unauliza shamba, unauliza majirani, na mbuzi kama wapo. Kila unachouliza unajibiwa njema, hawajambo, salama, alhamdulillahi, hata kama nyumba imeungua jana. Hakuna mtu wa huku atakayekubwagia jambo zito mlangoni. Atakupa njema zake zote kwanza, ukae, moyo utulie, ndipo avute pumzi na kusema: ila. Habari yenyewe iko nyuma ya hiyo ila. Sasa mtu anayekimbia baada ya njema ya kwanza, hebu niambie, ataisikia wapi?

Nilimgombeza mpaka nikachoka. Safari moja alipita kwa Mzee Ausi, akauliza habari, akapewa njema, akaenda zake. Kesho yake watu wamejaa uani kwa Mzee Ausi wamefiwa, wifi yangu anapita na ndoo kichwani anaimba. Aibu ile tuliigawana mimi na yeye. Nilimwambia, wifi, ipo siku. Akacheka, akasema sisi wengine tunasalimiana mpaka wali unaungua.

Ndiyo maana aliwapenda wazungu wa meli. Meli kubwa ya watalii ikifunga gati Dar, Feisal, mwenye kikundi cha ngoma pale Bagamoyo, anatukusanya kwenye basi lake dogo: wapiga ngoma, wasuka ukili, na sisi wawili wachoraji wa hina. Tunatandika jamvi letu bandarini, kwenye jengo la abiria, tunangoja. Mzungu anakuja, anasema jambo, ananyoosha mkono. Basi. Habiba alikuwa akisema hao ndio watu wenye akili timamu, neno moja na kazi imeanza.

Ila moyo wake mwaka huu ulikuwa Morogoro. Yasmini, mwanawe wa pekee, ameolewa huko na Issa, na alikuwa na mimba ya kwanza. Kwetu mimba ya kwanza msichana huja kujifungulia kwa mama yake. Habiba alishapaka chumba chokaa. Alishachana khanga kuukuu zilizolainika, za kumviringishia mtoto. Kitanda alikihamisha kutoka ukuta huu kwenda ule, akakirudisha, akakihamisha tena, mpaka nikaanza kukionea huruma kitanda. Yasmini alikuwa aje mwezi unaofuata, na Habiba alikuwa na haja moja tu duniani, mjukuu huyo apokelewe na mikono yake mwenyewe. Alilisema hilo kila siku, nadhani hata kuku wetu walishalijua.

Asubuhi hiyo watalii walikuwa wengi. Tumekaa, mstari umejipanga, simu ya Habiba ikalia. Alikuwa Issa. Nilikuwa ubavuni kwake, nasikia kila kitu. Akaibana simu kwa bega, mkono wa mama wa kizungu uko mapajani pake, anachora ua. Akauliza, hamjambo? Hatujambo, mama. Na mwenzio? Hajambo. Haya, alhamdulillahi, nina kazi mwanangu, nitakupigia. Akakata, akaitumbukiza simu kikapuni chini ya khanga zake. Nikamuuliza mbona hukumwacha amalize. Akanijibu kwamba amemaliza, amesema hajambo, nataka nini tena.

Mara Feisal na watu wake wakaanza kupiga ngoma. Wanapiga pale pale nyuma yetu, hata adhana usingeisikia, sembuse simu iliyozikwa kikapuni. Na mimi namba yangu Issa hakuwa nayo, nilikuwa nimebadilisha laini. Tukachora tu. Jua likapanda.

Karibu na adhuhuri simu yangu ikatetemeka mfukoni. Fatu, jirani yetu wa Mapinga, mtu wa kubipu, leo kapiga kwa pesa yake. Nikasogea pembeni. Akanisalimu, nikamwitikia. Akauliza kazi, nikamwambia njema. Nikauliza nyumbani, akasema salama. Nikauliza kuku, akasema wazima. Nikazifuata njema zake zote mpaka mwisho, maana nilijua kuna kitu kinakuja. Ndipo akasema: ila Issa amempigia mama Yasmini mpaka kidole kimechoka, akaishia kumpigia yeye Fatu. Yasmini alishikwa na uchungu usiku na miezi yenyewe saba tu. Yuko hospitali, anamlilia mama yake.

Nikarudi jamvini. Na mimi ni mtu wa huku huku, ulimi ukaanza kuzunguka. Nikamuuliza amechoka, nikamuuliza hina imebaki ya kutosha. Habiba akanitazama usoni, akaweka koni ya hina chini.

"Mina," akaniambia, "sema ila yako."

Nikasema. Aliinuka pale pale, mama wa kizungu aliyekuwa akimchora akabaki na ua lenye kikonyo na majani, petali hakuna. Kikapu kwapani, viatu mkononi, tukatoka getini. Stesheni ya treni ya umeme haiko mbali na bandari, lakini jua lile na mbio zile za wifi yangu, nilidhani nitafia njiani. Alikuwa anapiga simu huku anakimbia. Ya Issa haipatikani. Ya Yasmini inaita, haipokelewi.

Stesheni kila kitu ni foleni. Foleni ya tiketi, kitambulisho, foleni ya kupitisha mizigo kwenye mashine. Askari akataka kujua ule unga wa kijani ndani ya mfuko ni nini, Habiba akamwambia ni hina, tangu lini mwanamume mzima haijui hina, mkewe alimwoaje. Nikamvuta mkono. Treni haikuwa tayari, tukaambiwa tukae. Yeye kukaa? Alizunguka ukumbi ule wote unaong'aa, akaenda kusoma ubao wa saa, akarudi, akaenda tena. Mfagiaji akamwuliza anakwenda wapi, akamwambia Morogoro, na yule mama wa watu kwa wema wake akasema pole, ungewahi ile iliyoondoka asubuhi. Niliona alivyoipokea. Issa alipiga kabla ya treni hiyo.

Tulipopanda hali haikuwa nafuu. Treni ile haitikisiki, haipigi kelele, unaona nguzo tu zinakupita, na Habiba akaapa kwamba haiendi, wanatudanganya. Alisimama, alikaa, alisimama. Alikwenda mlangoni kana kwamba mlango ukisukumwa treni itaongeza mwendo. Pugu ikapita, Soga ikapita, kila pakionekana nyumba anauliza ndiyo Morogoro? Nikamwambia wifi, kaa, unachosha watu. Akakaa. Akaanza kujikwangua hina iliyokaukia vidoleni mwake, anajikwangua mpaka nikaishika ile mikono nikaifunika na mtandio wangu.

Kumbe wale watalii nao walikuwa wameletwa kuonyeshwa treni, meli yao inalala bandarini. Yule mama mwenye ua nusu alikuwa viti vya upande wa pili. Alipotuona akafurahi, akanyanyua mkono wake, akasema jambo. Habiba akageuzia uso dirishani.

"Na hiyo nayo salamu," akasema kwa sauti ndogo. Tulikuwa tumeshaipita Ruvu alipoongea tena. "Alikuwa na ila, Mina. Nilimsikia anavuta pumzi. Nikakata."

Nilimkasirikia na nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja, na shangazi wa Yasmini ni mimi. Nikaanza kusoma dua nilizozikumbuka. Zilipoisha nikazirudia.

Morogoro, nje ya stesheni, alikuwa akitungoja Mzee Mwinshehe, baba yake Issa. Ni mtu wa Fukayosi, huku kwetu Bagamoyo, alihamia Morogoro na ujana wake, lakini Fukayosi haijamtoka. Kanzu, kofia, fimbo. Fatu ndiye aliyewaambia kwamba tunakuja. Nikasema moyoni, leo huyu mzee atakoma, maana wifi yangu atampita kama upepo, atauliza gari liko wapi na wodi ni ipi.

Habiba akapunguza mwendo. Alipomfikia akapiga goti kidogo, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

Akampa shikamoo, akaitikiwa marahaba. Akamuuliza hali, akasema njema. Akamuuliza mkewe, hajambo. Akamuuliza Issa, hajambo. Nilidhani sasa ataliuliza lile. Akauliza Fukayosi. Akauliza mihogo, kama ngiri wameila mwaka huu. Akauliza mbuzi. Akamuuliza dada yake Mzee Mwinshehe, ambaye goti humsumbua, na mimi sikujua hata kama Habiba anajua kwamba mzee ana dada. Abiria wanatupita na mabegi, madereva wanaita, yeye kakishikilia kiganja kile, anauliza. Na mzee wa watu anajibu kimoja kimoja, njema, salama, hawajambo, na macho yake yamejaa maji. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haulizi ili ajibiwe. Alikuwa hataki salamu ziishe.

Zikaisha. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuuliziwa.

"Na Yasmini?"

"Yasmini hajambo," akasema Mzee Mwinshehe. "Nimetoka kwake sasa hivi. Amekaa, amekunywa uji."

Habiba hakusema alhamdulillahi. Hakuachia mkono. Alisimama, akangoja, na mimi namfahamu mwanamke huyu miaka yote, sijapata kumwona akingoja. Mzee akavuta pumzi.

"Ila mtoto hatukubaki naye, mkwe. Wa kike. Alilia, akaishi asubuhi yote. Tulikupigia. Tukakungoja mpaka baada ya adhuhuri, ndipo tukaenda kumzika."

Habiba akaitikia kwa kichwa. Akauliza swali moja tu, nani alimshika. Mzee akamwambia Yasmini alimshika, kisha nesi, kisha yeye babu yake. Wifi yangu akaitazama mikono yake yenye hina, akaiingiza ndani ya khanga, tukapanda gari kwenda kwa Yasmini.

Siku hizi ukipita Mapinga una haraka zako, ua wetu uzunguke kwa nyuma. Habiba akikuona atakusimamisha, atakuuliza wewe, watoto, wazee, shamba na kuku. Utamjibu njema kwa zote. Ukidhani mmemaliza, ukataka kwenda, atakuwa bado kaushika mkono wako, anakutazama mdomoni, anangoja.