Ng'ombe wa Chepkirui Kisiwani

Kipchirchir alijifunza kupika chai kwa Gichuki, pale Kapsoit. Gichuki, Mkikuyu, alikuwa na hoteli ya mabati, na wachumaji wa majani chai walipita kwake kabla ya kuingia mashambani. Kipchirchir ndiye aliyekoroga sufuria. Serikali ya wakoloni ilipotangaza Hali ya Hatari na kuanza kuwakamata Wakikuyu, lori lilikuja likamchukua Gichuki na mkewe. Mlango ukapigwa misumari, na Kipchirchir akarudi nyumbani na ujuzi usio na meko.

Obiero, mchumaji aliyekuwa mteja wao, ndiye aliyempa wazo. Kwao Obiero ni ziwani. Alisema kuna kisiwa mbali majini, chenye wavuvi wachache tu, hakina duka wala hoteli, na watu wake hunywa chai ya rangi mwaka hadi mwaka kwa kuwa hakuna hata ng'ombe mmoja. Kipchirchir akaenda kutazama. Alipopanda kutoka ufukweni alikuta nyasi zinazomfika kiunoni, mbichi, hazijaguswa na ulimi wa mnyama. Mtu wa kwetu, Mkipsigis, akiona nyasi za namna hiyo halali. Hakujiuliza kwa nini zilikosa mwenyewe.

Ng'ombe wake wawili walikuwa kwa marafiki, mmoja Soin, mwingine Mulot. Hiyo ndiyo desturi ya Kipsigis, kimanagan: mtu haweki mali yake yote katika boma moja. Humpa rafiki ng'ombe amtunze na kunywa maziwa yake, ili ugonjwa ukiingia upande huu, upande ule upone. Kipchirchir aliwarudisha wote wawili, marafiki wakabaki wakinung'unika. Kisha akamgeukia mkewe.

Bomani mwake alikuwapo ng'ombe mwekundu ambaye hakuwa wake. Siku Chepkirui alipoletwa kuolewa, alisimama nje ya nyumba akakataa kuingia, kama bibi harusi wa Kipsigis anavyokataa, mpaka mama mkwe alipomtajia ng'ombe huyo. Ndipo akainua mguu. Maziwa ya ng'ombe huyo yalimlea Rebeccah, mtoto wao wa pekee, na hakuna ng'ombe aliyemzidi kwa maziwa.

Chepkirui hakugombana. Aliuliza tu kama huko kisiwani kuna watu wanaojua ng'ombe. Mumewe akajibu kwamba ndiyo sababu anakwenda yeye.

"Baba Rebeccah," akasema, "huyu ni wangu. Nakuazima. Umrudishe."

"Nitamrudisha."

Aliwavusha mmoja mmoja, wamefungwa miguu, wamelazwa juu ya nyasi kavu katika mashua. Yule mwekundu alilia tangu ufuko hadi ufuko.

Karibu na alipojenga kibanda chake aliishi Akeyo, mjane aliyekausha samaki. Alikuja kuwatazama wale ng'ombe, akatikisa kichwa. Akamwonyesha Kipchirchir mawe ya maboma ya zamani, yamemezwa na vichaka. Alisema hapo palikuwa na mifugo na watu wengi, lakini vichakani mna inzi, mbung'o. Inzi huyo alimaliza ng'ombe, kisha malale anayoyaleta yakaua watu, na waliobaki wakahamishwa. Waliorudi ni wavuvi, nao hawatoki ufukweni.

Kipchirchir alimsikiliza kwa adabu, lakini moyoni alicheka. Mtu wa samaki amfundishe Mkipsigis ng'ombe? Kwao, katika baridi na mvua ya kila alasiri, hakuwahi kumwona mbung'o. Kwake inzi alikuwa inzi tu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Wavuvi waliporudi na nyavu walikuta chai ya maziwa imechemka, wakakaa, wakamtania.

"Mtu wa ng'ombe," mmoja akamwambia, "hao wakikauka utatukamia samaki ngege?"

Walilipa kwa samaki. Obiero aliwapokea samaki hao ng'ambo, akawauza katika makambi ya wachumaji, na salamu njema zikafika kwa Chepkirui.

Kisha yule wa Soin akaanza kusimama kando ya wenzake. Manyoya yalimsimama, machozi yakamtiririka, akakonda katikati ya nyasi zile zote. Wa Mulot akafuata. Kipchirchir aliwatoa damu shingoni kama baba yake alivyowatibu wagonjwa. Akatafuta mizizi ya dawa, lakini miti ya kwao haikuota huko. Wakafa.

Akamfunga yule mwekundu ufukweni, mbali na vichaka. Alimkatia nyasi kwa mkono, akashinda akimfukuzia inzi kwa tawi, hoteli akaifunga. Lakini naye akaanza kukonda, na Kipchirchir alipoomba mashua ya kumrudisha, wenye mashua walisema ng'ombe aliyedhoofika vile hafiki ng'ambo. Siku ng'ombe huyo alipoanguka asiinuke tena, Akeyo alikuja akaketi mchangani karibu na Kipchirchir. Hakumkumbusha maneno yake.

"Pole, mwanangu," akasema. "Hata sisi tuliwalilia."

Obiero ndiye aliyepeleka habari nyumbani. Alisema Chepkirui alimsikiliza mpaka mwisho, akamwandalia chakula.

Kipchirchir hakurudi. Alibaki akiuza chai ya rangi kwa watu walewale wachache, akakausha samaki pamoja na Akeyo, mikono ikanuka moshi na magamba. Rebeccah akawa msichana mkubwa bila yeye. Mwishowe Kipchirchir akaenda mnadani Mulot, akazunguka kutwa akichagua, akanunua mtamba mwekundu, akamswaga polepole hadi nyumbani.

Chepkirui alikuwa bustanini akichuma mboga. Alinawa mikono, akamsalimu mumewe kwa heshima. Akapitisha kiganja mgongoni mwa mtamba, akamshika masikio, akamtazama meno.

"Ni ng'ombe mzuri," akasema. "Ni wako."

Kipchirchir akamwambia amemleta badala ya yule.

"Wangu alikufa, Baba Rebeccah."

Mtamba alipozaa, Chepkirui alimkama, akamkama miaka yote. Hakumnyima mumewe chakula wala neno jema. Lakini mgeni alipouliza yule mwekundu ni wa nani, alijibu kwamba ni wa mzee, naye Kipchirchir, akiwa ameketi papo hapo na kikombe mkononi, hakuinua macho.