Gaspar na Hatua ya Nne

Gaspar aligoma kwenda hospitali ya macho, tena aligoma akiwa ameshafika Mpanda mjini, begi liko mlangoni na treni ya Tabora inaondoka saa tisa mchana. Verdiana, mdogo wake wa tumbo moja, alimtazama akinywa chai kwenye benchi la kibanda chake cha kuchaji simu, akatamani kumpokonya kikombe.

"Kaka, daktari kasema ni presha ya macho. Ukichelewa yanazima moja kwa moja."

"Daktari kasema, daktari kasema! Mimi naona. Ile pale si nguzo ya umeme? Kule si bodaboda?"

"Nguzo ya umeme hata kuku anaiona."

Gaspar akacheka, kisha akaweka kikombe chini. "Haya. Lile gemu letu bado unalo? Nikivuka hatua ya nne, habari ya hospitali iishie hapa hapa. Nisipovuka, napanda treni, sisemi neno."

Verdiana akakubali haraka. Baadaye ndipo alipoogopa, maana kaka yake akivuka angerudi kurina asali Ugalla na macho yale yale.

Gemu lenyewe lililetwa na baba yao, mzee Yotham, mwaka tisini na tano, alipotoka kuuza asali Tabora. Lilikuja na TV iliyokufa spika. Ndani yake kijitu chenye mkoba kilikimbia chenyewe juu ya mabati, wewe kazi yako ni kukirusha juu ya mashimo. Bila sauti lilichosha. Ndipo Gaspar, wakati huo ana miaka kumi na mitano, akawasha gramafoni na kuweka santuri ya roki ya miaka ya sitini aliyoiacha padri mmoja mzungu alipokuwa anarudi kwao. Magitaa yalilia kama msumeno ukikata mninga! Verdiana alikuwa na miaka kumi, hajui neno hata moja, akaamini kabisa kwamba yule mwimbaji anapiga kelele kukiambia kijitu kiruke. Kila siku baada ya shule upande ule ule, wimbo ule ule. Mpaka leo, lori likipita na magitaa ya namna ile redioni, vidole gumba vyake vinacheza vyenyewe.

"Na santuri uilete," Gaspar akasema. "Bila santuri sichezi."

Hapo pakawa na kazi. Baba alipofariki, Gaspar aliipaka santuri nta pande zote mbili, kama warina asali wanavyoziba masanduku mchwa asipite. Watu walimsifu. Hakuna aliyefikiria kwamba sindano ya gramafoni nayo inahitaji njia. Sasa lilikuwa lisahani la njano, na saa ilikuwa saba kamili.

"Niianike juu ya bati, iyeyuke," Verdiana akasema.

"Utaikunja! Nta ukiipiga baridi inakatika. Nani ana friza?"

Alikuwa nalo Rabia, jirani anayeuza barafu na maji. Aliipokea santuri kwa vidole viwili. "Makubwa! Leo friza langu linagandisha nyimbo?" Hata hivyo akaiweka juu ya mifuko ya maji, na ilipotoka baada ya nusu saa, Gaspar akaanza kuibandua nta kwa ukucha, vipande vikiruka. Uso wake ulielekea barabarani.

"Mbona huangalii unachofanya?"

"Mikono inajua."

Verdiana akainama kuokota vipande.

Saa nane kasorobo walikuwa ndani ya kibanda, mbele ya TV na gramafoni ile ile, Rabia kaegemea mlango. "Nikibonyeza, weka sindano mwanzo kabisa," Gaspar akaagiza. "Usichelewe hata kidogo." Akabonyeza. Sindano ikakwaruza, gitaa likafoka, kijitu kikatoka mbio.

Shimo la kwanza, karuka. La pili, karuka. Hatua ya kwanza ikaisha, ya pili ikaisha, na Gaspar hajateleza. Verdiana alijiona mjinga. Kumbe anaona! Ya tatu ilipoanza, bodaboda ikageuka nje na kioo chake kikapiga jua moja kwa moja kwenye TV. Skrini ikawa nyeupe tupu. Verdiana hakuona kijitu wala bati. Gaspar akaruka, akaruka tena, na mwanga ulipoondoka kijitu kilikuwa ng'ambo, kizima.

Ndipo alipoiangalia midomo ya kaka yake. Ilikuwa inahesabu ngoma.

Hachezi kwa macho. Mashimo yote aliyashika kwa wimbo tangu utotoni, na angevuka hata akifungwa kitambaa. Mkono wa Verdiana ulienda kwenye sindano, ukasita, ukarudi magotini. Hatua ya nne ikaanza. Gitaa likapanda.

Sindano ikakutana na kipande cha nta, ikaruka ikaangukia mbele. Gaspar naye akaruka, mahali penye bati zima. Kijitu kikatua, kikaenda hatua tatu, kikazama shimoni.

"Umeigusa!"

"Sijaigusa."

"Umeigusa, Verdi! Nakujua wewe!"

"Hajaigusa, kaka Gaspar," Rabia akasema polepole. "Nilikuwa namtazama."

Kijitu kilikuwa kimerudi kimesimama, kinasubiri kubonyezwa. Verdiana akauliza, "Kaka, kimesimama wapi?"

"Si hapo."

"Hapo wapi?"

Gaspar akaweka pedi ya gemu sakafuni. Wimbo uliendelea peke yake. "Naona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la mzinga," akasema. "Na tundu linazidi kuwa dogo. Je, wakiniambia nisipande tena miti? Nitakuwa nani, Verdi?"

Verdiana akainua sindano kutoka kwenye santuri.

Gaspar akasimama, akapapasa ukuta akitafuta begi. Verdiana akamwachia Rabia kibanda na ufunguo, wakatoka wawili. Alipojaribu kumshika mkono, Gaspar akautoa. "Watu wanatuona, bwana." Badala yake akashika mpini mmoja wa begi, Verdiana akashika mwingine, wakaenda hivyo kama wanaosaidiana mzigo.

Stesheni abiria walikuwa wanasukumana. Verdiana akasimama mlangoni pa behewa. "Kuna ngazi tatu."

"Naziona."

Treni ikapiga honi. Gaspar hakuondoka alipo. Akainamisha kichwa karibu na sikio la mdogo wake, wasisikie wengine.

"Ya kwanza iko wapi?"