Kete Zisizolala

Baba yangu na sahibu yake wa tangu ujana hawasemezani, na kilichowagombanisha ni programu niliyoiandika mimi.

Walikuwa wakicheza bao kila siku baada ya alasiri, barazani kwetu Msambweni, mpaka magoti ya yule sahibu, ambaye mimi humwita ami, yalipomshinda akahamia kwa mwanawe Mkongani. Baba akabaki kulitazama bao kama mtu aliyeachwa na mke. Nikaona ujuzi wangu umepata kazi. Nilikuwa nimejifunza Python, lugha ya kuandikia programu, pale Ukunda, na tangu hapo hakuna jamaa aliyepumzika na habari zake.

Nikaanza kuuandika mchezo wa bao kwa Python. Kijana wa bara niliyesoma naye akanicheka: "Hiyo ni ya watoto, siz. Game ya simu andika na JavaScript." Nikaanza upya. Kisha nikasikia wenye michezo hasa hutumia C#, nikaanza upya tena. Lugha nilibadilisha, tatizo nikahama nalo: kila mara kete zilifika mahali zikazunguka bila kukoma, simu ikapata moto kama pasi.

Mchezaji wa bao atanicheka hapa. Kete ya mwisho ikianguka penye kete nyingine, unaendelea. Ikianguka kwenye shimo tupu, umelala, zamu ni ya mwenzako. Iko mizunguko mirefu sana, na mimi niliihesabu kuwa hitilafu. Nikaongeza mstari mmoja: mzunguko ukizidi kiasi, programu imlaze mchezaji. Nikajipongeza sana.

Nikawawekea wote wawili kwenye simu zao. Mwanzoni ilikuwa raha. Walicheza kila mmoja na simu yake, wakitumiana maneno kwa sauti.

"Mwenzangu, umesinzia?"

"Nakusubiri ufe taratibu, bwana. Sina haraka."

Siku moja baba akapata mzunguko mrefu. Kete za ami zilikuwa zikiisha, baba ameshasimama kitini, mara simu ikamlaza katikati. Ami akala zilizobaki, akashinda.

"Umeichezea hiyo simu!" baba akamtumia.

"Mimi? Mimi hata kuizima sijui!"

Ndiyo yakawa maneno yao ya mwisho. Nilimwambia baba papo hapo kwamba kosa ni langu. Hakukubali. "Wewe umesomea kompyuta, binti yangu. Usimfichie." Nikampigia ami.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Mwambie babako kushindwa si aibu. Programu yako haina kasoro."

Sijawahi kuaminiwa kiasi hicho na watu wawili kwa siku moja, tena kwa jambo nililoliharibu.

Programu haikuhifadhi mchezo. Hilo sikulifikiria katika lugha yoyote kati ya zile tatu. Nimeuondoa ule mstari, nikamwomba kila mmoja anieleze kete zilivyokaa. Nikizipanga kama asemavyo baba, mzunguko unasafisha mashimo ya mbele ya ami, na baba anashinda. Nikizipanga kama asemavyo ami, kete hazilali kabisa, na ule mstari ulihitajika. Ninavyoandika hivi, kompyuta iko mezani na bado zinazunguka.

Wanapishana kwa kete moja tu. Baba anasema ilikuwa ndani ya nyumba, lile shimo lake kubwa. Ami anaapa ilikuwa kwenye shimo lililo jirani na hiyo nyumba.